Shahada ya uanagenzi ya maabara Uingereza: kwa nini watoto wetu wanaipita?

#1 Mama Shani
Wakuu salaam. Naleta hoja, mwenye kuipinga aje na ushahidi.

Hapa Uingereza mtoto akisema anataka kufanya kazi maabara ya hospitali, sisi wazazi mbio mbio tunamjazia fomu ya chuo. Miaka mitatu, ada £9,535 kwa mwaka wa masomo 2025/26, na mkopo wa kujikimu juu yake. Akimaliza ana shahada ya sayansi ya baiomedikali lakini si mwanasayansi wa baiomedikali, yaani BMS kama wanavyoitwa humu maabara. Jina hilo linalindwa na sheria. Hulitumii mpaka usajiliwe na HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya, na watoto wengi waliosoma chuo bila mafunzo ya hospitali wanakwama hapo, kwa sababu wanahitaji maabara ya kuwapokea ili wajaze potifolio ya IBMS, yaani faili la ushahidi wa kazi la chama cha fani hii, na maabara hiyo haipatikani. Nawajua vijana wa jamii yetu wenye shahada hiyo wanaopanga bidhaa supamaketi.

Ipo njia nyingine. Mtoto anaajiriwa na hospitali kama mwanagenzi, analipwa mshahara, anasomeshwa shahada bila kulipa ada hata senti, na potifolio anaijaza akiwa kazini. Akitoka hana deni la ada na ana haki ya kuomba usajili.

Hoja yangu: hii ndiyo njia bora kuliko zote, na sisi Waswahili tunaipita kwa sababu moja tu. Tunaona uanagenzi ni kazi ya gereji. Tunataka picha ya joho.

#2 Kijana wa Luton
Nakaa hapa kwanza, nasubiri wataalamu.

#3 Kilindini
Mama Shani umenena. Mie wa Mombasa, niko Birmingham mwaka wa kumi na kitu sasa. Nilipomwambia mzee wangu kwa simu kwamba mjukuu wake ataanza uanagenzi, akauliza, "Kwani amefeli?" Nikamweleza ni shahada, ya chuo kikuu, kwenye hospitali. Akanyamaza, halafu akasema, "Basi usiwaambie watu uanagenzi, waambie chuo." Ugonjwa wetu ni huo. Tunasomesha ili majirani wajue.

Lakini mshahara nao usiupambe. Kima cha chini cha mwanagenzi kisheria kilikuwa £7.55 kwa saa kuanzia Aprili 2025. Kijana wa Amazon anampita mbali.

#4 DamuSalama
@Kilindini hicho ni kima cha chini cha kisheria kwa nchi nzima, kinyozi na fundi bomba wamo. Hospitali za NHS, huduma ya afya ya umma, kwa kawaida hulipa zaidi. Wengi niliokutana nao wako kwenye bendi za NHS, yaani madaraja ya mishahara, Bendi 3 au 4, wengine wanalipwa asilimia ya Bendi 5 inayopanda kadiri unavyokaribia kumaliza. Ukisajiliwa unaingia Bendi 5, ambayo mwaka 2025/26 ilianzia £31,049. Ukichukua diploma ya ubingwa ya IBMS na nafasi ikiwepo, unaingia Bendi 6, iliyoanzia £38,682 mwaka huohuo.

Nasema hivi kwa sababu nimo ndani. Ni mwanagenzi, idara ya damu na uongezaji damu. Nitarudi jioni nieleze, sasa naingia zamu.

#5 Mzee wa Slaidi
Vijana, mnalizungumzia jambo hili kana kwamba limeletwa jana.

Nimestaafu, lakini niliingia maabara ya hospitali kaskazini mwa Uingereza miaka ya 80 nikitokea Zanzibar. Wakati huo hatukuitwa BMS, tuliitwa MLSO, maofisa wa sayansi wa maabara za tiba. Niliingia bila shahada. Siku nne maabara, siku moja chuo cha ufundi mjini, na jioni nyingine darasani. Mwajiri ndiye aliyelipa. Chama chetu, hiyo IBMS, kilianza mwaka 1912 kama chama cha wasaidizi wa maabara za patholojia na bakteriolojia, kikaanzishwa na Albert Norman, na wanachama wake wa mwanzo walikuwa watu waliojifunza kazi mezani, mkononi mwa mkubwa wao. Jina la IBMS la leo lilikuja mwaka 1994. Baadaye kazi ikawa ya wenye shahada tu, na kidogo kidogo mafunzo yakahamia vyuoni, maabara zikabaki kulalamika kwamba vijana wanakuja hawajui kushika pipeti.

Kwa hiyo mnachokiita njia mpya ni njia ya zamani iliyorudi ikiwa na shahada ndani yake. Shahada za uanagenzi zilizinduliwa mwaka 2015, na zilipata nguvu Aprili 2017 ilipoanza tozo ya uanagenzi. Mwajiri ambaye mishahara yake kwa mwaka inapita £3 milioni hukatwa asilimia 0.5, na hospitali zote kubwa zimo.

Mama Shani, kiburi cha joho kipo, sikatai. Ila sababu kubwa si hiyo. Nafasi zenyewe ni chache.

#6 Ngosha Mwanza
Mzee shikamoo. Swali la mtu wa mbali: kama hospitali zinakatwa tozo na hela ipo, kwa nini nafasi ziwe chache? Si wachukue tu watoto, tozo iwalipe mishahara?

#7 Mzee wa Slaidi
Marahaba Ngosha. Tozo hailipi mishahara. Inalipa mafunzo na mtihani wa mwisho, basi. Mshahara unatoka kwenye bajeti ya maabara ileile. Meneja akichukua mwanagenzi anaandika mtu mmoja kwenye orodha ya wafanyakazi ambaye sehemu ya wiki hayupo, yuko masomoni, na akiwepo anahitaji mtu wa kumsimamia. Msimamizi huyo ni BMS mzoefu ambaye naye ana benchi lake na foleni ya sampuli.

Halafu kuna la pili. Tangu ripoti za Lord Carter kuhusu maabara za hospitali, za 2006 na 2008, na hasa mpango wa mwaka 2017 wa kuzikusanya maabara za Uingereza kwenye mitandao 29, kazi nyingi zimehamishwa kutoka hospitali ndogo kwenda kituo kimoja kikubwa. Hospitali ndogo imebakiwa na maabara ya dharura: hesabu ya damu, biokemia ya haraka, damu ya kuongeza. Huwezi kumfundisha mtu fani nzima mahali pasipo na mikrobiolojia, ya vijidudu, wala histolojia, ya tishu. Lazima azungushwe, na kuzungusha ni gharama. Nafasi za kufundishia zilipotea hapo, na mtoto wa Kiswahili alizikosa sawasawa na mtoto wa Kiingereza.

#8 Kilindini
Mzee kwa heshima zote, mtoto wa Kiingereza baba yake anamjua meneja wa maabara, wanacheza mpira Jumapili. Wetu hajui hata mlango uko wapi.

#9 Bukavu Leeds
Jambo wandugu. Mnasahau kitu kimoja kikubwa, makaratasi.

Njia hii pesa yake ni ya serikali, kwa hiyo kuna masharti ya ukaaji. Asiye raia, mwenye kibali cha kuishi, kwa kawaida anatakiwa awe ameishi nchini miaka mitatu kabla ya kuanza, na asiwe amekuja kwa ajili ya masomo. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kabisa. Katika kanisa letu vijana wengi wa Kongo na Burundi walisikia neno "miaka mitatu" wakakata tamaa, kumbe aliyekubaliwa kuwa mkimbizi sharti hilo la miaka halimhusu. Hakuna aliyewaambia. Afisa wa shule aliwaambia tu, "Nyinyi bado." Kwa hiyo kwangu sababu si joho wala nafasi. Ni habari isiyofika, au inayofika nusu.

#10 Mama Shani
Bukavu asante, hilo la wakimbizi nilikuwa silijui. Ila linathibitisha hoja yangu upande mwingine: wenye haki wapo na hawaombi.

#11 Pemba Cardiff
Wakuu, rekebisho. Mnasema "Uingereza" mkimaanisha visiwa vyote. Tozo hukatwa kote, lakini mpango huu wa kuitumia, kwa namna mnavyoueleza, ni wa England. Sheria inataka angalau nusu ya saa za kazi ziwe England. Sisi wa Wales tuna utaratibu wetu, Scotland wana wao, Ireland ya Kaskazini wana wao. Binti wa dada yangu alipoteza msimu mzima akiomba nafasi za Bristol huku hataki kuhama Cardiff.

#12 DamuSalama
Nimerudi kutoka zamu. Mtanisamehe kwa urefu, lakini naona watu wanaijadili njia bila kujua mtu anafanya nini humo ndani.

Wiki yangu iko hivi. Siku nyingi niko maabara, muda uliotengwa ni wa masomo. Kanuni ya zamani ilikuwa asilimia 20 ya saa za kazi, tangu 2022 ikawa angalau saa sita kwa wiki, na mwaka 2025 wamebadilisha tena hesabu. Wengine wanakwenda chuo siku moja kila wiki, wengine wanaitwa kwa vipindi vya wiki nzima. Usiku na wikendi unaandika kazi za chuo kama mwanafunzi yeyote. Asikudanganye mtu kwamba ni rahisi. Wenzangu wa chuo cha kawaida wana likizo ya miezi ya kiangazi, mimi nina likizo ya mfanyakazi.

Potifolio ndiyo roho ya jambo lenyewe. Kila kigezo cha HCPC, na walivifanyia marekebisho Septemba 2023, unatakiwa uoneshe ushahidi kwamba unakiweza. Kusoma kigezo na kukijibu mtihani hakutoshi. Lazima mtu akuone ukikitenda. Mfano: sampuli inaletwa, potasiamu iko juu kiasi cha kutisha na kalisi iko chini sana. Mashine imesoma sawasawa. Ukitoa jibu hilo kama lilivyo, daktari anaweza kumtibu mtu ugonjwa ambao hana. Mwanagenzi anafundishwa kusimama na kuuliza: je, damu hii ilimiminwa kutoka chupa ya kifuniko cha zambarau? Dawa ya kuzuia kuganda iliyomo humo, EDTA, ina potasiamu na inashika kalisi. Unapiga simu wodini, unaomba sampuli mpya, unaandika ulichofanya na kwa nini. Huo ni ushahidi mmoja. Unaukusanya wa namna hiyo mpaka faili linajaa, kisha anakuja mkaguzi wa nje anakuhoji na kuzunguka nawe maabara.

Upande wa damu ya kuongeza ni mkali zaidi. Jina likikosewa herufi, tarehe ya kuzaliwa ikigeuka, sampuli inakataliwa, hata muuguzi akilia kwenye simu. Na mgonjwa ambaye kundi lake halijawahi kurekodiwa anatakiwa atolewe sampuli ya pili kuthibitisha kabla hajapewa damu ya kundi lake. Kama hakuna muda anapewa O. Mwanzo niliona ni urasimu. Msimamizi wangu alinieleza kinachotokea mwilini mtu wa kundi O akiwekewa damu ya A, na toka siku hiyo sijabishana na kanuni ile.

Sasa kuhusu hoja ya Mama Shani. Nafasi zipo kuliko Mzee anavyosema, lakini zinakwenda kwa watu waliomo ndani. Wengi tulioanza pamoja tulikuwa tayari wasaidizi wa maabara Bendi 2 au 3, tunapokea sampuli, tunasentrifyuji, tunapakia mashine. Meneja anamjua mtu, ameona anafika kwa wakati. Tangazo likitoka, limetoka kwa ajili yake nusu. Ushauri wangu: mtoto asisubiri tangazo la uanagenzi. Aombe usaidizi wa maabara kwanza.

#13 Ngosha Mwanza
Dada DamuSalama, hilo bandiko lihifadhiwe. Hapo kwenye potasiamu nimecheka kwa furaha, maana hata huku hospitali ya Bugando ungeulizwa hivyohivyo. Kazi ni moja dunia nzima.

#14 Mzee wa Slaidi
DamuSalama, mwanangu, umeeleza vizuri na msimamizi wako apewe heshima yake. Hapo kwenye "nafasi zinakwenda kwa waliomo ndani" nakubali nusu. Zinakwenda kwao kwa sababu ni chache. Zingekuwa nyingi zingemwagikia nje.

#15 DamuSalama
Mzee, au ni chache kwa sababu mameneja wanahesabu waliomo ndani tu, wakishawamaliza hawaoni haja ya kufungua nyingine. Inaweza kuwa hivyo pia.

#16 Kijana wa Luton
Wakuu, na mimi nina sababu yangu, msinicheke. Nimetafuta nafasi hizi mwaka jana wote kwenye tovuti ya ajira za NHS, naandika baiomedikali, napata Bendi 5 na 6 tu za waliosajiliwa. Juzi nimegundua kwamba jina rasmi la uanagenzi huu ni Healthcare Science Practitioner, daraja la 6. Neno baiomedikali mara nyingi halipo kwenye kichwa cha tangazo. Nimetafuta kwa jina hilo, matangazo yametokea. Tatizo, mengi yanafungwa kabla ya tarehe yakipata waombaji wa kutosha. Ukilala siku tatu umekosa.

#17 Kilindini
Kijana, nani akucheke? Mwaka mzima wewe ulikuwa unagonga mlango wa jirani. Toka hapo chukua chai.

#18 Pemba Cardiff
Na tahadhari kwa hilo la madaraja. Kuna uanagenzi wa Healthcare Science Assistant daraja la 2, na wa Associate daraja la 4. Ni mzuri, una kazi, lakini haukupi usajili wa HCPC. Ni daraja la 6 lenye shahada, na hata hapo uliza chuo swali moja kwa maandishi: je, kozi hii imeidhinishwa na HCPC, au imetambuliwa na IBMS na nitatoka na cheti cha umahiri? Wakijibu kwa kuzungukazunguka, ondoka. Fani ya sayansi za afya ina matawi mengi, moyo, mapafu, masikio, na siyo kila tawi linakupeleka maabara.

#19 Mama Lishe wa Reading
Mimi nauliza tu. Mwanangu ana shahada tayari ya baiolojia, alimaliza 2019. Mwaka 2020 alifanya kazi kwenye zile maabara kubwa za vipimo vya Korona, walichukuliwa wengi sana. Zilipofungwa akarudi nyumbani. Nimeambiwa mwenye shahada haruhusiwi uanagenzi. Ni kweli?

#20 Bukavu Leeds
Mama, ni kweli. Serikali hailipi shahada mara mbili.

#21 DamuSalama
Hapana Bukavu, hiyo ni kanuni ya mikopo ya wanafunzi. Kwenye uanagenzi, mwenye shahada anaweza kuchukuliwa mradi anachokwenda kujifunza ni kipya kwa sehemu kubwa. Watapima anachokijua tayari na kupunguza muda na gharama. Lakini kwa mwanao Mama Lishe, ipo njia fupi zaidi: apeleke shahada yake IBMS waipime. Watamwambia amekosa moduli gani, azichukue hizo tu, huku anatafuta nafasi ya mwanafunzi wa BMS yenye potifolio. Ule uzoefu wa Korona autaje, mashine za PCR na utunzaji wa sampuli si jambo dogo.

#22 Mzee wa Slaidi
Na awe tayari kuanza Bendi 2. Najua inauma kwa mwenye shahada, ila nimeona wengi waliopita hapo wakawa wakuu wa idara.

#23 Mama Lishe wa Reading
Ahsanteni sana. Mungu awalipe.

#24 Daktari Mtarajiwa
Naona mnasifia tu. Hasara hamsemi. Ukipita uanagenzi umefungwa humo. Huwezi kwenda udaktari, huwezi kwenda ule mpango wa wanasayansi wa kliniki, STP. Chuo kinakuacha huru.

#25 DamuSalama
STP kwa kawaida inataka shahada ya sayansi inayohusika, daraja la pili la juu au zaidi. Shahada ya uanagenzi ni shahada, cheti hakina alama usoni ya namna ulivyoipata. Ushindani wa STP ni mkali kwa kila mtu. Udaktari sawa, nakubali, ada ya shahada ya pili ni mzigo kwa yeyote. Ila wewe ungeangalia pia ni wangapi wanaoingia sayansi ya baiomedikali wakitumaini kuhamia udaktari halafu hawahami. Hao ndio wanaojaza vyuo na kuacha maabara tupu.

#26 Mama Shani
Hapo DamuSalama umegusa kidonda. Nadhani nusu ya watoto wetu wanaosoma fani hii hawakuitaka. Walikosa udaktari, mzazi akasema "ingia hii, utahama." Halafu miaka mitatu inapita mtoto yuko chumba cha kusubiri. Mtoto wa namna hiyo hawezi kuomba uanagenzi wa maabara kwa sababu hataki maabara. Na mhojaji anamwona.

#27 Kilindini
Kumbe sasa sababu si joho la chuo, ni koti jeupe la daktari? Mama Shani, umehama hoja yako mwenyewe, karibu huku.

#28 Mama Shani
Joho na koti ni nguo ya kabati moja, Kilindini.

#29 Ngosha Mwanza
Nirudi kwangu kidogo. Huku Tanzania mteknolojia maabara anasoma diploma au shahada, anakwenda kwenye mafunzo ya vitendo, anasajiliwa na baraza la wataalamu wa maabara, anasubiri ajira. Uanagenzi wa serikali tunao lakini zaidi ni wa ufundi: umeme, ushonaji, hoteli. Sijaona wa maabara. Natamani kuuona, maana hospitali za wilaya zina uhaba na vijana wenye diploma wako mtaani. Lakini swali la Mzee linanirudia: nani atamlipa anayefundisha?

Halafu mzee nikuulize, wewe umeitwa wa Slaidi kwa sababu gani? Huko kuna malaria ya kuangalia kweli?

#30 Mzee wa Slaidi
Ipo, ya wasafiri. Na hapo ndipo sisi tuliotoka kwetu tulipoheshimiwa. Hospitali ya mji mdogo inaweza kukaa muda mrefu bila kuona slaidi chanya. BMS kijana anaogopa, anaona chembe za kugandisha damu zimekaa juu ya seli nyekundu anadhani ni kimelea. Nilikuwa naitwa hata siku ya mapumziko. Tone nene kwa kutafuta, tandazo jembamba kwa kutambua aina na kuhesabu asilimia ya seli zilizoambukizwa. Slaidi ya kwanza ikiwa hasi na mtu ana homa na ametoka safari, humwachii, unaomba nyingine mpaka tatu zitimie. Chanya zote zinapelekwa maabara ya rejea ya malaria pale London kuthibitishwa. Nafundisha hadi leo siku moja moja, wakiniita.

Kwa mwanagenzi hili ni jambo kubwa. Darubini hajifunzi mtu kwa video. Anakaa mbele ya darubini yenye vichwa viwili, mwalimu upande mmoja yeye upande wa pili, wanaangalia seli ileile, mwalimu anauliza, "Unaona nini?" Mafunzo haya yanahitaji mtu na muda. Ndiyo maana nasema na nitasema tena: tatizo ni wafundishaji.

#31 Ngosha Mwanza
Huku kipimo cha haraka kimechukua nafasi kubwa, vijana wapya nao darubini inawapita. Siku moja utatuletea wanagenzi wako Mwanza tuwape slaidi chanya mpaka waombe kurudi.

#32 Kijana wa Luton
Mimi naja, nauli tu.

#33 DamuSalama
Nikiwa naye Mzee hapo kwenye damu, niombe kitu nje ya mada. Wagonjwa wa selimundu hapa Uingereza wanahitaji damu mara kwa mara, na damu ya aina ndogo iitwayo Ro inawafaa wengi wao. Ro inapatikana zaidi kwa watu weusi, na wachangiaji weusi ni wachache. Naiona foleni hiyo kutoka upande wa friji. Mkitoka likizo Dar au Mombasa mtasubirishwa miezi kadhaa kwa sababu ya malaria, na mliokulia kule mtapimwa damu kwanza. Msikate tamaa, rudini tena.

#34 Kilindini
Nimejiandikisha sasa hivi nikisoma bandiko lako. Wallahi sikujua hilo la Ro.

#35 Nesi wa Coventry
Nimesoma uzi wote, sijaona aliyeuliza hili. Sisi wauguzi tuna shahada ya uanagenzi pia, na wodini kwetu nawaona wanagenzi kila mwaka, Waafrika wamejaa. Kama tatizo ni kiburi, mbona uuguzi hatuukatai? Kama tatizo ni bajeti, mbona kwetu ipo? Na makaratasi ni yaleyale.

#36 Bukavu Leeds
Kwa sababu uuguzi tunaujua. Kila familia ina nesi anayeweza kumwelekeza mtoto. Maabara iko chini, nyuma ya mlango wa kadi, hakuna anayepita.

#37 Mzee wa Slaidi
Kwa sababu wodi inaona faida ya mwanagenzi mapema, ni mikono. Maabara haiwezi kumruhusu atoe jibu hata moja peke yake mpaka apimwe na kusainiwa kipimo kwa kipimo, hayo ni masharti ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba. Muda wa hasara ni mrefu.

#38 Mama Shani
Mimi nasema kwa sababu nesi anavaa sare barabarani, watu wanamwona.

#39 Nesi wa Coventry
Mmenipa majibu matatu yasiyofanana.

#40 Mkimbizi wa Kigoma
Samahani naingia katikati. Nina shahada ya maabara kutoka nyumbani na miaka kadhaa ya kazi. Nimefika hapa mwaka huu. Nianze uanagenzi upya?

#41 Pemba Cardiff
Usianze upya. Omba usajili wa HCPC moja kwa moja kama mtaalamu aliyesomea nje. Watalinganisha mtaala wako na uzoefu wako na vigezo vyao, kwa hiyo andika kazi ulizofanya kwa undani: mashine gani, vipimo gani, udhibiti wa ubora uliufanyaje. Wengi wanakataliwa kwa kuandika mistari miwili. Kiingereza wakikihitaji ni mtihani wa IELTS, wastani wa 7.0, na hakuna sehemu chini ya 6.5. Wakati unasubiri, usaidizi wa maabara.

#42 Mkimbizi wa Kigoma
Shukrani mkuu. Nina mtaala wote, muhuri ndio sina, chuo kinachelewesha.

#43 Pemba Cardiff
Tafuta mtu aende mwenyewe pale ofisi ya masijala asubuhi. Barua pepe hazijibiwi.

#44 Kijana wa Luton
Wadau, nimeitwa kwenye usaili. Uanagenzi, daraja la 6, idara ya biokemia. Ni wiki ijayo. DamuSalama, Mzee, wanauliza nini?

#45 DamuSalama
Hongera! Watakuuliza sampuli imefika haina jina, utafanya nini. Jibu la kwanza lisiwe "nitamsaidia mgonjwa." Liwe "sitaipima, nitaarifu, nitaandika." Watakuuliza usiri: umeona jina la jirani yako kwenye skrini. Watakuuliza utagawaje muda kati ya chuo na zamu, uwe na jibu la kweli lenye saa ndani yake. Na omba kuitembelea maabara kabla ya siku hiyo, wengi hawakatai.

#46 Mzee wa Slaidi
Nao waulize wewe: nani atakuwa msimamizi wangu, na ana saa ngapi kwa wiki kwa ajili yangu? Wakitaja mtu kwa jina, chukua kazi. Wakisema "timu nzima itakusaidia," uliza tena.